Kitovu cha Hana Bado Kinatafutwa

Kasokola, Mpanda
12 Februari, 2025

Kwa Daktari Anuari,
Kipindi cha Afya, kila Jumatano asubuhi,
Redioni, Mpanda mjini.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU OVARI, TANGAZO LA MBEGU NA KITOVU CHA MKAMWANA WANGU

Ndugu Daktari,

Naomba barua hii ikukute umeketi, maana ina uzito. Sisi hapa Kasokola tu wazima, mahindi yamefika kifuani na ng'ombe wanakamuliwa. Mimi ni Nyamizi, mke wa Mzee Maduhu, mama wa watoto tisa, na msikilizaji wako tangu siku zile ulipokuwa bado unakohoa hewani kwa woga. Enzi zetu nilisoma ngumbaru, kile kisomo cha watu wazima, nikapata cheti, ila siku hizi macho yangu yanaziona herufi kama siafu. Kwa hiyo barua natamka mimi, na anayeandika ni mkamwana wangu Hana, mke wa mwanangu Lyamba. Ndiye huyohuyo ambaye habari zake zimo humu. Nimeona si vizuri kumsema mtu pembeni wakati ndiye mwenye mwandiko mzuri kuliko wote nyumbani.

Hana ana miaka thelathini na miwili, na miaka minane yuko kwetu. Mwaka juzi walimpima damu hospitali wakamwambia kwamba ovari zake, yaani vile vifuko vya mayai, zimeacha kazi mapema, jambo ambalo sisi wengine lilitupata tukiwa na hamsini. Hana alilia siku tatu. Mimi nililia mbili, kwa kuwa ya tatu ndama walipotea. Baadaye tukalikabidhi jambo lenyewe kwa Mungu, naye alikuwa amelishika vizuri tu mpaka wewe ulipoingilia kati.

Sasa malalamiko yangu, kwa namba.

Kwanza. Mwezi wa kumi na moja ulisema, kwa ile sauti yako ya kubembeleza, kwamba wataalamu wa nchi za mbali wanachukua seli shina, ambazo ulituambia ni seli changa zisizoamua bado zitakuwa nini. Ukasema huzitoa kwenye uboho wa mfupa, au kwenye kitovu cha mtoto anapozaliwa, wakazitia kwa mwanamke ambaye ovari zake zimelala, na kwamba wapo wachache waliopata watoto. Hapo hapo ukaweka tangazo la mbegu za mahindi. Daktari, tangazo lile lina wimbo mzima! Lyamba alitoka mbio kuwapigia simu baba zake wadogo. Mzee Maduhu aliangusha fimbo. Mimi nilipiga vigelegele mpaka mbwa wakaingia uvunguni. Hakuna aliyebaki na redio isipokuwa Hana, aliyekuwa anaosha vyombo. Wiki moja baadaye tukaambiwa na watu wa mtaa wa Shanwe, waliosikiliza mpaka mwisho, kwamba baada ya wimbo ulisema tiba hiyo bado iko kwenye majaribio, haijathibitishwa, na mtu akikuuzia leo huyo ni tapeli. Neno zito kama hilo linawekwaje nyuma ya mahindi? Ndama haonyeshwi kiwele kisha akafungwa kamba.

Pili. Uliposema kitovu, hukusema kitovu cha nani wala cha lini. Kwetu kitovu kikidondoka huzikwa nyuma ya nyumba, na hapo ndipo mtu anapopaita kwao. Tukajua basi kwamba dawa ya Hana ipo, imewekwa akiba ardhini tangu alipozaliwa, limebaki suala la jembe. Tulipomuuliza kilizikwa wapi, alisema hajui, labda Meatu. Mama yake ni marehemu, na marehemu haulizwi. Lyamba akafunga safari hadi Meatu, walikotoka wazazi wa Hana na ng'ombe wao. Mji wao wa zamani sasa ni uwanja wa mpira wa shule. Alichimba nyuma ya goli la upande wa magharibi. Mwalimu mkuu alipomuuliza anatafuta nini, aliona haya kusema kitovu cha mke wangu, akasema rupia za Mjerumani. Kufika jioni wachimbaji walikuwa arobaini, mwalimu mkuu akiwa wa mbele. Goli likaanguka. Lyamba amerudi na kopo moja la udongo, na barua ya shule inayomtaka arudi kulisimamisha.

(Hapa mwandishi amecheka. Nimemwambia aandike kwamba amecheka.)

Tatu. Kopo hilo nililipeleka mwenyewe kwa nesi Theopista wa zahanati yetu, nikiwa nimevaa kitenge changu cha kanisani, nikiwa na Hana. Nesi alichungulia ndani akaniambia, Mama, huu ni udongo. Sikumbishia. Nilimwomba tu auchekeche. Badala ya kuchekecha, akamketisha Hana, akampima presha, akaanza kumuuliza kama anapata lile joto la ghafla, kama halali, kama mifupa inamuuma. Nusu saa nzima anauliza mifupa ya mtu, na kopo liko mezani linamtazama! Mwishoni akaandika karatasi akampa Hana, wala si mimi. Mimi nilipewa kopo langu. Nauliza kwa heshima, je, huo ndio utaratibu?

Nne. Kitovu kiliposhindikana tukakumbuka kwamba ulitaja uboho. Hapo Mzee Maduhu alifurahi, maana katika mambo ya mifupa ya ng'ombe hakuna anayemfundisha. Alichinja dume. Hana amegongewa mifupa na kunyweshwa uboho asubuhi na jioni kwa majuma matatu. Matokeo yake amenenepa, mashavu yanang'aa, na wanawake wa jirani wamekuja na vyungu vya uji kumpongeza. Mmoja alimshika tumbo. Hana aliushukuru uji, akaunywa, akaenda zake shambani, na hakurudi mpaka kuku walipoingia bandani. Hilo, Daktari, silitanii. Mashavu yale ni ya kwako, na mikono ya wale wanawake pia ni ya kwako.

(Mstari huo wa mwisho Hana ameufupisha. Nimemwambia aurudie kama nilivyosema, na ameurudia.)

Tano, na hili ndilo kubwa. Mzee Maduhu ametoa muda. Amesema nyie wanawake mmekitafuta hicho kitovu vya kutosha. Mahindi yakishaingia ghalani na kitovu hakijaonekana, atapeleka ng'ombe kwa rafiki yake Mwandu ili binti wa Mwandu aje kuwa mke wa pili wa Lyamba. Lyamba ukimuuliza anamwitikia baba yake ndiyo, na mkewe ndiyo. Binti mwenyewe hana kosa, ni mchapakazi na anajua kusuka ukili. Lakini ukileta maji mapya mtungini, ya zamani hayaulizwi yaende wapi. Nani ataniandikia barua? Nani atanikanda mgongo bila kunisimulia habari za mgongo wa mama yake?

Pamoja na hayo, kazi zangu zote zimelala. Hata lile shimo la mgomba nililochimba nyuma ya jiko mvua za kwanza, mpaka leo halina mgomba, kwa sababu ya kopo na mifupa na Meatu. Watu wananiuliza kila siku, Mama Lyamba, mgomba uko wapi?

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Uje Kasokola wewe mwenyewe, na gari, na chekeche la kisasa. Ukishindwa kukipata kitovu udongoni, uchukue uboho kwenye nyonga yangu ya kushoto. Imebeba mimba tisa na haijawahi kulalamika, na kama seli zake bado hazijaamua zitakuwa nini, mimi nitazisaidia kuamua. Ukiona nyonga yangu imezeeka, basi Serikali ilete trekta Meatu uwanja wote ulimwe, na wanafunzi wacheze mpira wa wavu kwa muda. Na ukishindwa yote matatu, uje umwambie Mzee Maduhu ana kwa ana kwamba utafiti si mahindi, hauvunwi kwa msimu. Mimi akinisikia anasema ni maneno ya jikoni. Wewe una redio.

Wasalimie wenzako wote hapo redioni, fundi mitambo, yule binti wa taarifa ya habari mwenye mafua yasiyoisha, na mwenye tangazo la mbegu, ingawa yeye salamu zake ni chache. Mzee Maduhu anakusalimu bila kujua kwamba nimekuandikia. Lyamba anakusalimu. Hana naye anakusalimu, kalamu ikiwa mkononi mwake.

Ni mimi msikilizaji wako mwenye uchungu na heshima,

Nyamizi, mke wa Maduhu

Baada ya barua: Mama amekwenda kukamua, nina dakika chache. Mimi ni Hana. Daktari, mimi ndiye niliyebaki na redio siku ile. Nilikusikia kabla ya mbegu na baada ya mbegu. Najua majaribio ni majaribio. Nilisikia pia uliposema kuna vidonge vya homoni vya kulinda mifupa na moyo na kupunguza lile joto. Karatasi ya nesi Theopista ni ya kwenda kuanza hivyo vidonge, na Ijumaa nitakwenda. Usije na gari. Kitovu changu hakiko Meatu. Nilizaliwa njiani, wazazi wangu wakihama na ng'ombe, na mama yangu hakukubali kukizika mahali pasipo na mji. Siku ya harusi alinipa kimefungwa kwenye kipande cha khanga, akasema nikizike siku nitakapokuwa na hakika kwamba nimefika kwangu. Kiko kwenye sanduku langu la bati, kikavu kama ganda la muhogo. Hakina tiba yoyote, najua. Miaka minane sijakizika, maana kila nikishika jembe nasikia habari za mke wa pili. Nilisema sijui kwa sababu kikiwa kinatafutwa, hakuna anayeoa. Namhurumia mume wangu kwa lile goli. Nakuomba, ukijibu hewani, usiseme haiwezekani. Sema tu utafiti unaendelea. Ni kweli, na mimi neno hilo linanisitiri. Ila mavuno nayaogopa.

Baada ya hiyo: Sasa ni mimi Nyamizi, kwa mkono wangu. Bahasha iliyogandishwa kwa uji hufunguka. Siafu nazisoma, polepole. Kitovu nilikiona mwaka juzi panya walipoingia sandukuni mwake. Nilikifunga kama kilivyokuwa na nikaleta paka. Mwanangu nilimwacha aende Meatu kwa sababu mwanamume anayechimba haoi. Hivyo malalamiko yote ya juu yafute. Tiba yako ikipatikana siku moja, karibu sana. Isipopatikana, mimi nimezaa tisa na nina watoto kumi. Nimechoka kumngoja aniamini, na kumwambia usoni siwezi, nitalia, naye atalia, na Mzee atauliza kuna nini. Habari za mavuno na Mwandu niachie mimi. Barua hii usiisome hewani. Jumatano, kabla ya tangazo la mbegu, wakati wote tuko karibu na redio, sema sentensi moja tu. Mzee hataielewa. Sema: Hana wa Kasokola, lile shimo nyuma ya jiko si la mgomba.