Usife Kabla Reale Haijapanda

Ibra,
Jumatano asubuhi.

Kwa Bwana Yaqoob bin Humaid,
Mume na Mdaiwa,
Baraza ya mbele, nyumba hii hii.

Yah: Mahari yangu iliyobaki, na haraka yako ya kufa

Mheshimiwa Mume,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta umekaa pale pale nilipokuacha na kikombe chako cha kahawa. Nimelazimika kukuandikia ingawa tumetengwa na ukuta mmoja tu, kwa sababu mbili. Kwanza, nikisema kwa mdomo unatia pamba masikioni, na siku hizi huna hata haja ya pamba, unakizima tu kile kifaa cha kusikilizia. Pili, umefanya kazi ya serikali miaka thelathini, na najua kwamba jambo lisilokuja kwa maandishi, yenye "Yah" juu na mstari chini yake, kwako halina heshima.

Kwa ajili ya kumbukumbu, naanza na yaliyotokea. Mwezi uliopita daktari wa Maskat alikuonesha picha ya moyo wako, akakwambia mishipa miwili imeziba na inataka upasuaji. Ukapewa tarehe. Jumapili iliyopita binti yetu Azza aliomba ruhusa kazini kwake Nizwa, akaja mpaka hapa kukuchukua, nami nikakupakilia kanzu, mswaki na msala, nikabaki nyuma nikapike ili nije kesho yake na chakula. Mlipofika Bidbid, pale njia zinapogawanyika, ukamwambia asimame mle mishkaki. Mlipomaliza kula ukamwambia akate kushoto, muende Nizwa. Mtoto masikini akadhani unataka kuaga watu. Kumbe ulikwenda sokoni kununua sarafu. Mkarudi wakati wa magharibi, wewe na pauni ya dhahabu ya Malkia Viktoria mfukoni, na moyo ule ule.

Nilipokuuliza, ulinijibu maneno machache, nayanukuu kama yalivyo: "Miye nimeshakula chumvi ya kutosha, Ghanima. Sipasuliwi kifua kama samaki."

Kwa vile jibu hilo halikugusa haki zangu hata kidogo, naleta malalamiko yafuatayo.

1. Kuhusu deni lenyewe. Utakumbuka kwamba marehemu baba aliingia Maskat kutoka Unguja na bunda la noti za shilingi alilolifunga katika kitambaa cha kilemba, na akazunguka nazo soko zima bila kupata mtu wa kumuuzia hata kipande cha sabuni. Ulipokuja kuniposa, bado donda lile lilikuwa bichi. Mahari ya mkononi uliilipa, nikanunua bangili. Ile iliyobaki nyuma, ambayo mke huipata akiachwa au huitoa katika mirathi mume akifa, baba alikataa katakata isiandikwe kwa karatasi. Kadhi alimweleza kwa upole kwamba nchi sasa ina noti zake mpya, nzuri, zenye thamani. Baba akasema noti nzuri ameshaziona. Ikaandikwa reale mia mbili za Maria Theresa, zile sarafu nzito za fedha zenye sura ya mama mnene, na ndoa ikafungwa.

Sasa, kuniacha hutaniacha, maana hujui hata sukari iko kabati gani. Kwa hivyo imebaki njia moja tu ya mimi kulipwa, na ndiyo hiyo unayoiendea mbio bila kunishauri. Kufa kwako, Bwana Yaqoob, si jambo lako peke yako. Ni siku ya malipo, na mdai ana haki ya kuulizwa siku gani inamfaa.

2. Kuhusu bei. Hapa sihitaji kumleta shahidi, kwa sababu shahidi ni wewe. Hotuba hii naisikia tangu Azza hajazaliwa. Kila mgeni akishika tende ya kwanza, wewe unashika bakuli lako la halwa lililojaa sarafu, na halwa mgeni haioni. Unamweleza kwamba zamani pauni ya dhahabu ilikuwa reale tano kasoro kidogo, na reale moja rupia mbili na kitu. Kisha Mjerumani akahamia dhahabu, akaimwaga fedha yake sokoni, wenziwe wakamfuata mmoja mmoja, na madini ya fedha yakaporomoka duniani kote. Serikali ya India ikafunga milango ya kiwanda chake cha sarafu, mtu asiweze tena kupeleka fedha yake ikapigwa rupia, na kwa hila hiyo rupia ikashikwa isianguke. Lakini reale haikuwa na wa kuishika. Malkia wake kafa tangu mwaka 1780 na sarafu bado inapigwa kwa sura yake. Kufika mwanzo wa karne ya ishirini pauni ile ile ilitaka reale kumi, na mkulima wa tende wa hapa Ibra, aliyeuza kwa reale na kununua mchele wa Kihindi kwa rupia, akafilisika bila kuondoka juu ya mkeka wake.

Hayo umeyasema wewe, si mimi. Kama unajua hivyo kwamba reale ni sarafu iliyodhulumiwa, vipi unataka kunilipa nayo wakati huu? Na kwa kuwa tumemtaja malkia, naomba uone kwamba yule bibi kafa zaidi ya miaka mia mbili na bado yuko kazini. Wewe uko hai na umeshaacha.

3. Kuhusu mapatano. Ni wewe uliyenifundisha kwamba Mfaransa, Mbelji, Mtaliana na Mswisi, watu wanne wasioiva chungu kimoja, walikaa kitako mwaka 1865 wakakubaliana uzito wa sarafu zao, hata faranga ya huyu ikapokelewa dukani kwa yule. Sisi ni wawili, dini yetu moja, chungu chetu kimoja, na tumeshindwa kukubaliana tarehe ya hospitali.

4. Kuhusu noti na dirisha. Umewaeleza wageni wetu, kwa kidole kilichonyooka, kwamba uzuri wa zama za dhahabu ulikuwa mmoja tu: noti ilikuwa ahadi, na mwenye noti alikuwa na haki ya kwenda mpaka dirishani kwa benki, akaiweka mezani, akapewa dhahabu yake bila kuulizwa jina la babu yake. Benki iliyoona haya kufungua hazina ikaguliwe, watu waliikimbilia siku hiyo hiyo kutoa dhahabu yao.

Basi mimi ndiye mwenye noti. Nimekaa na ahadi yako miaka hamsini na kitu sijawahi kuja dirishani. Nimekuja leo. Hazina yenyewe iko ndani ya kifua chako, njia zake mbili zimeziba, na mkaguzi mwenye ujuzi kakaa Maskat kavaa glavu anasubiri kufungua atazame. Nawe umefunga mlango, umekwenda kula mishkaki. Nauliza kwa heshima zote, ungekuwa wewe ndiye mwenye noti ungefanya nini?

5. Kuhusu ushujaa. Ile sarafu unayoipenda kuliko zote, na unayowaambia watu kwamba huna ila picha yake, ni ile ya dhahabu yenye tembo, waliyoipiga Wajerumani kule Tabora wakati wa vita vya kwanza vya dunia, wamezingirwa, meli haziji, rupia zimewaishia. Wakakusanya dhahabu waliyokuwa nayo wakapiga rupia kumi na tano kwa kila sarafu, ili wapate kulipa. Sauti yako hutetemeka kila unapofika hapo. Nakuuliza: mtu aliyezingirwa na majeshi anatafuta njia, na wewe uliyezingirwa na mishipa miwili umekaa unakunywa kahawa?

6. Kuhusu mbuzi. Hili nimelificha mpaka sasa. Alhamisi iliyotangulia ulikwenda Sinaw na jirani, ukarudi na mbuzi watatu. Nikadhani ni wa sikukuu. Jana nimesikia kwa jirani kwamba umewanunua kwa ajili ya hitima yako mwenyewe, ati kwa sababu bei ilikuwa nzuri na hukutaka tusumbuke. Wameshakula mirehani yangu yote na nusu ya kamba ya nguo. Mume wangu, mimi ndiye ninayewapa maji. Kila asubuhi nawamiminia maji wanyama ulionunua watu waje wale siku nitakapokuwa nimefunikwa shuka nyeupe nimekaa eda, na wananitazama kama kwamba nimewakosea. Hakuna nchi yoyote katika hotuba zako, yenye dhahabu wala yenye fedha, iliyowahi kumtendea mdai wake hivi.

Kutokana na hayo yote, naomba yafuatayo:

(a) Kwamba upigwe marufuku kufa wakati wowote reale itakapokuwa chini ya rupia mbili na robo, bei aliyoijua babu yake baba. Najua utasema rupia hiyo haipo tena popote duniani, na kwa hivyo bei hiyo haiwezi kurudi. Hilo si kosa langu.

(b) Kwamba mpaka bei hiyo itakaporudi, utunze dhamana ya deni katika hali nzuri, nayo ni mwili wako. Matunzo hayo ni pamoja na upasuaji, dawa za asubuhi, na kutembea mpaka msikitini kwa miguu badala ya kupakiwa garini na jirani.

(c) Kwamba ajali, yaani siku ya mtu kufa, ni ya Mwenyezi Mungu, na hapo sina ubishi. Ukienda kwa daktari, na ikawa imeandikwa kwamba siku yako ni ile, sitadai hata reale moja. Nitasema mume wangu alihangaika. Lakini ukifia barazani na kikombe mkononi, nakuahidi mbele ya haki kwamba nitalichukua bakuli la halwa na vyote vilivyomo, pauni, rupia, heleri za Wajerumani, pesa za shaba za Unguja zenye alama ya mizani, na nitaziuza kwa uzito. Fundi ataziyeyusha zote pamoja na hataangalia mwaka.

(d) Kwamba mbuzi warudishwe Sinaw, kwa hasara yako.

Nategemea jibu lako kwa maandishi kabla ya chakula cha mchana. Leo ni mchuzi wa papa, na kama sikupata jibu utapikiwa vile alivyoagiza daktari, bila chumvi.

Nisalimie wote watakaopita barazani. Nisalimie dada yako Bi Khole wa Sur akikupigia simu, umwambie asali na habasoda zake tumezipokea, tunashukuru, na kwamba mshipa ulioziba haulambi asali. Azza nishamsalimu mwenyewe. Alilia kwenye simu, na nimemwambia baba yake si mbaya, ni mwoga tu kama watu wote. Mbuzi siwasalimu.

Wako katika ndoa na katika deni,

Ghanima binti Khalaf

N.B. Nilipomaliza kuandika niliona ile sehemu ya pili imepungukiwa na bei ya leo, nikaona si vizuri kuleta dai lenye pengo kwa mtu wa ofisi. Nikampigia fundi Majid, yule wa vyombo vya fedha sokoni Nizwa. Nimemuuliza kwa sauti ya kawaida reale ya Maria Theresa inakwendaje. Akaniambia, Bi Ghanima, tangu nianze kazi hii sijaona, madini ya fedha yamepanda mpaka watu wanaleta mikufu ya mama zao kuuza. Akanipigia hesabu ya reale mia mbili. Nikamwambia arudie. Akarudia.

Kwa hivyo hoja zangu zote, kuanzia ya kwanza mpaka ya mbuzi, zimeanguka. Kwa hesabu yangu mwenyewe, na kwa hotuba zako, hakujapata kuwa na siku yenye faida kwangu kuwa mjane kama leo.

Nimekaa jikoni na simu mkononi mpaka papa akaungua. Sikuona faida yoyote. Nimeona ile baraza haina mtu, na mgeni anaingia, na hakuna wa kumchosha kwa habari za Mjerumani. Nimempigia Azza, na yeye keshazungumza na hospitali. Wametupa Jumapili nyingine. Sina hoja tena, na barua yote unaweza kuichana. Reale mia mbili ni zangu na nina haki nazo, na mimi ndiye ninayekuomba unidhulumu. Usinilipe, Baba Azza. Nakuomba usinilipe.