Gitaa la Heroni la Mwanangu Gabrieli

Jumatatu, 9 Aprili 1956
Mvua tangu alfajiri. Sokoni Mwanaheri muuza vitumbua kanisimamisha mbele ya kabichi zangu ili nijue, na wanunuzi wangu wajue, kwamba mwanawe Pazi kaletewa gitaa kutoka Nairobi. Montelli! Jina limeandikwa kichwani kwa herufi za dhahabu. Kasema yule Mkongo maarufu wa kwenye santuri anapiga Montelli, na yule wa Johanesbagi anapiga Montelli, na sasa Pazi. Kawataja kwa mfululizo kama litania ya watakatifu, na yeye Mwislamu.

Nikamwambia gitaa la Gabrieli wangu limechongwa na fundi Kasiani wa misheni, kwa mninga uliotoka shambani kwa kaka yangu Paulo huko Matombo milimani. Akauliza limeandikwa nini kichwani.

Nikageukia kabichi zangu, nikazipanga upya. Halijaandikwa kitu! Miaka miwili mwanangu anapiga gitaa lisilo na jina, na mimi mama yake, mwenye darasa la nne kamili, sikuona.

Na wakati wenyewe mbaya. Stambuli, mkubwa wa bendi yao ya Mindu Jazz, anakwenda Dar es Salaam kurekodi santuri. Kwenye lori nafasi ya mpiga gitaa ni moja. Atachagua kati ya Gabrieli na Pazi kwenye dansi la Jumamosi ya wiki ijayo. Santuri! Mwanangu akizunguka kwenye gramafoni za watu hadi Dodoma! Lazima awe Gabrieli. Nimeapa, ingawa padri kakataza kuapa ovyo.

Jumatano, 11 Aprili
Nimekwenda kwa Kasiani kumwomba aandike jina la Kizungu kwenye gitaa. Kakataa. Kasema yeye ni seremala, si mwongo, ila nikitaka atachonga "Kasiani". Nimecheka hadi nikamwonea huruma. Nani duniani kamsikia Kasiani?

Nimerudi nyumbani na huzuni yangu. Mara jicho likaangukia baiskeli ya mume wangu Yohana. Kile kibao cha shaba cha mbele, chini ya usukani! Kina ndege aina ya korongo, kasimama kwa mguu mmoja kwa maringo, na maneno HERON, ENGLAND. Kilikuwa mbele ya macho yangu miaka yote hii!

Nimekifungua kwa ncha ya kisu. Skrubu moja ikatumbukia mtaroni. Haidhuru, moja inatosha. Kichwani mwa gitaa hakikuenea, basi nimekiweka kifuani, chini ya tundu. Kimepinda kidogo kwa kuzoea bomba la baiskeli, lakini kinang'aa hadi unafumba macho. Gitaa sasa lina jina. Nimelibatiza mwenyewe.

Alhamisi, 12 Aprili
Yohana kafika kazini stesheni, wenzake wakamuuliza kwa nini baiskeli yake ina matundu mawili usoni. Karudi kanuna. Nikamweleza kwa upole kwamba sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na baba mwema hufurahi kitu chake kikimfaa mtoto wa wenyewe. Akatafuna ugali wake taratibu, akameza.

"Mama Gabrieli, mtoto ni wa ukoo wenu, sawa. Baiskeli ni ya ukoo gani?"

Nikaondoa sahani. Mwanamke mwenye shughuli hajibu kila kitu.

Gabrieli naye karudi mazoezini na uso mrefu. Kumbe kila akigusa uzi mnene, gitaa linalia zzzz, na Stambuli kamuuliza kama amefuga nyigu ndani. Gabrieli akataka kukitoa kibao. Nikalia. Mimi nina machozi yanayokuja nikiyaita. Kibao kimebaki.

Jumamosi, 14 Aprili
Leo nimemwambia Chausiku muuza nyanya, kwa siri kubwa, kwamba wapiga magitaa wakubwa wa London wote wanatumia Heroni. Chausiku kaapa hatamwambia mtu. Nimefurahi sana, kwa sababu Chausiku akiapa hivyo, habari hufika Kihonda, nje ya mji, kabla hajafunga mafungu yake.

Jumanne, 17 Aprili
Ajabu! Mwanaheri mwenyewe kaja kwenye meza yangu, kapoa kama uji wa jana, akasema kasikia hao Heroni wanatengeneza magitaa saba tu kwa mwaka, na moja lipo kwenye bendi ya Malkia. Akaniuliza kama ni kweli.

Mimi nilikuwa sijui! Saba tu! Na moja liko kwangu Kilakala, limeegemea pipa la maji! Nimekimbia nyumbani nikalifunika kwa kanga yangu ya Pasaka. Gabrieli kaniuliza nani kaniambia mambo hayo. Nimemwambia watu wanaojua.

Alhamisi, 19 Aprili
Siku mbaya. Pazi kapita nyumbani. Kijana ana adabu, sitaki kusema uongo: kaniamkia shikamoo, kainama vizuri. Lakini nilisahau kwamba kazi yake ni ufundi wa baiskeli. Kalitazama gitaa. Kaitazama baiskeli ya Yohana na matundu yake mawili. Kalitazama gitaa tena.

"Mama, zuri sana. Kengele yake iko wapi?"

Akaaga kwa heshima, akaondoka. Kufikia mchana soko zima lilikuwa linanipigia kriiing. Mwenye mchicha kriiing. Mwenye dagaa kriiing. Chausiku, niliyempa siri yangu kwa moyo safi, yeye kriiing mara mbili. Mwanaheri kaniuliza kama kabichi zangu nazo zina pampu.

Gabrieli kajifungia. Kasema hatakwenda kwenye dansi, kila mtu atamcheka, na nafasi ya lori imekwisha. Hapo nilishikwa na uchungu wa kweli, si wa machozi ya kuitwa. Nikakaa mlangoni kwake. Nikamwambia Mjomba Paulo ameshateremka kutoka Matombo kwa miguu kwenye tope, kwa ajili yake, na mjomba hageuzwi njiani. Kisha nikamsikia anakaza nyuzi.

Na nikifikiri vizuri, Pazi kasema nini? Kasema ni zuri sana, kauliza kengele tu. Hakusema kibao ni cha uongo. Basi hata adui kakubali.

Jumamosi, 21 Aprili
Nianze mwanzo.

Dansi lilianza alasiri. Mimi mbele kabisa, kanga ya Pasaka, kaka Paulo kulia, Yohana kushoto. Kapiga Pazi kwanza. Kapiga vizuri, sauti tamu, laini, sawasawa na santuri. Watu wakapiga makofi wamekaa. Mwanaheri alikuwa anageuka geuka ili kila mtu amwone ni mama wa nani.

Kapanda Gabrieli. Wahuni wawili walikuja na kengele za baiskeli, wakazipiga. Kicheko ukumbi mzima. Yohana akatazama viatu vyake. Mwanangu akagusa uzi mnene. Zzzz! Kicheko tena. Moyo wangu ukashuka hadi kwenye kandambili.

Hakuacha. Akaurudia ule uzi, na mwingine, na mwingine, zzzz juu ya zzzz, ikawa kama nyuki wanaocheza ngoma. Mara kaka Paulo, ambaye dansi za mjini huziita kelele za stesheni, akasimama na fimbo yake.

"Hayo ni malimba ya babu! Nani kawapa malimba ya babu?"

Malimba ni kile kisanduku cha vyuma babu yetu alichokuwa akikipiga kwa vidole gumba, na alikifungia vipande vya bati makusudi ili sauti itetemeke. Kaka akaingia katikati akacheza. Wakamfuata wazee wa kijiji cha Bigwa. Wakafuata wake zao. Benchi zikaondolewa. Wenye kengele wakaanza kuzipiga kwa kufuata mapigo! Mwanaheri kacheza, nimemwona kwa macho yangu. Eti alikuwa anakung'uta kokoto kwenye kiatu. Kokoto ya nyimbo tatu!

Stambuli hakungoja wimbo wa nne. Kamshika Gabrieli bega mbele ya wote.

"Montelli ninazo kwenye kila santuri. Hii sijaisikia popote."

Kamchagua! Mwanangu! Nimepiga vigelegele mpaka Yohana kaziba sikio moja. Lakini la upande wangu kaliacha wazi.

Jumapili, 22 Aprili
Baada ya misa watu wamenipa mkono kama bibi harusi. Pazi kaja kumpongeza mwenzake na wamekaa uani wanafundishana. Mwanaheri kaleta vitumbua, bado vya moto, akauliza kwa sauti ya chini kama Yohana ana baiskeli nyingine. Nimemkaribisha chai. Mshindi lazima awe na moyo mpana.

Gabrieli kanikalisha akanieleza kwamba si jina lililoshinda. Eti ni kwa sababu kibao kimepinda na kimeshikwa na skrubu moja, basi kinalegea, kinatetemeka, ndiyo ile sauti ya malimba. Eti hata kifuniko cha kopo la samli kingefanya hivyo. Nimeitikia kwa kichwa, kama mtu anavyomwitikia mgonjwa wa homa. Kopo la samli kwenye bendi ya Malkia!

Lakini neno moja limenishtua. Kinalegea! Kesho asubuhi lori linaondoka, na barabara ya Dar es Salaam ni mashimo matupu. Jina lingedondoka hata Ngerengere hawajafika!

Gabrieli alipotoka kwenda kuwaaga rafiki zake, nimeazima nyundo na gundi ya seremala kwa Kasiani. Gundi nyuma yote, misumari minne, mmoja kila pembe. Nimekigonga kwa kidole: kimya. Nimegusa uzi mnene: safi, hakuna zzzz hata kidogo, sauti laini kama ya Pazi.

Hakitikisiki tena. Huko Dar es Salaam watalisoma jina vizuri. Sijamwambia Gabrieli. Nataka afurahi akifika.