Rimu Pana za Plymouth ya Baba Mkwe

Jumatano, 9 Agosti

Leo tumekula chakula cha jioni wote. Baba mkwe ametangaza. Septemba anahamia makao ya wazee, na anasema siku zake za kuendesha zimekwisha. Kwa hiyo Plymouth yake ya kijani, aliyoinunua mpya mwaka 1968 alipokuwa kijana wa kiwandani, inatafutiwa mwenyewe mpya. Ama mimi, ama Eugene, kaka wa mke wangu Darlene. Ataamua Jumamosi ya wiki ijayo, siku ya msafara wa magari ya zamani pale barabara ya Woodward. Atapanda, tutazunguka, ataona nani analielewa gari. Alisema hivyo huku akipaka mkate siagi, kana kwamba anasimulia habari za mvua.

Haki iko wapi? Gari limelala gerejini kwangu miaka kumi na moja. Naliosha kila Jumamosi. Nalifunika shuka la pamba. Darlene husema yeye mwenyewe, mke wa ndoa, hajawahi kufunikwa hivyo. Na Eugene? Anakaa Toledo, ng'ambo ya mpaka wa jimbo, Ohio! Huja Krismasi na Pasaka, anakula, anaondoka.

Lakini ni mtoto wa kumzaa. Mimi ni mkwe tu. Lazima nifanye jambo.

Alhamisi, 10 Agosti

Nimekaa gerejini saa nzima nikilitazama gari. Nimeona kasoro. Magurudumu! Rimu za chuma nyembamba, vifuniko vidogo vya kung'aa katikati, tairi jembamba lenye mstari mwekundu. Injini ya simba, miguu ya kuku. Ni mtu aliyevaa suti ya harusi na kandambili.

Nikimpelekea Mzee gari lililosimama juu ya matairi mapana, nyuma mapana zaidi ya mbele, ataona mara moja nani analielewa. Eugene hawezi kuwaza hivyo. Eugene ni mtu wa kuacha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani, pamoja na nywele zake.

Sitamwambia mtu. Darlene hasa.

Jumamosi, 12 Agosti

Nimezipata! Gulio la vipuri, uwanja wa maonyesho. Rimu nne zenye mbavu tano, kijivu katikati, ukingo unang'aa hadi nikajiona meno. Matairi tayari yamevishwa, herufi nyeupe ubavuni. Muuzaji, bwana mmoja mwenye ndevu za kusuka, aliniuliza kama nimepima nafasi ya nyuma. Nikamwambia bwana, unaongea na mtu aliyetunza stoo ya nati na boliti miaka thelathini. Akasema basi yaishe, mjomba, akanisaidia kupakia.

Ni kweli nilipima. Mara tatu. Niliinua gari kwa jeki ili nione vizuri, nikaingiza rula kati ya gurudumu na bodi. Nafasi tele. Ungeweza kupitisha mkate mzima.

Rimu za zamani nimezificha chini ya turubai, nyuma ya mashine ya kukatia majani.

Jumapili, 13 Agosti

Darlene alikwenda kanisani. Mimi nilisingizia mgongo. Nikafunga zote nne, nikashusha jeki, nikarudi nyuma kutazama. Jamani. Machozi yalinilengalenga. Lilikuwa limechutama kama paka anayetaka kuruka.

Halafu nikapitisha kidole kati ya tairi la nyuma na ukingo wa bodi. Kidole kimoja kilipita. Cha pili kikakataa.

Sasa nimeelewa. Gari likiwa juu ya jeki, gurudumu linaning'inia. Likishuka, bodi yote inakuja kulilalia. Nikapanda kiti cha nyuma nikarukaruka kidogo. Krrr. Nikatulia. Nikaruka tena. Krrr.

Hakuna hofu. Mtu akikaa mbele, tairi haligusi kitu. Nani atakaa nyuma? Mzee ana goti bovu, lazima akae mbele anyooshe mguu. Nimekunywa dawa ya kiungulia, naenda kulala.

Jumanne, 15 Agosti

Nimempigia Mzee simu kumhakikishia kwamba kiti cha mbele nimekisafisha mahsusi kwa ajili ya goti lake. Akacheka. Akasema, mkwe wangu, miaka hamsini na mitano nimeliendesha gari hili, sijakaa nyuma hata siku moja. Kila mtu wa ukoo huu amekaa nyuma isipokuwa yeye. Watoto walitapika huko nyuma, mkewe, Mungu amrehemu, alisinzia huko nyuma, na yeye hajui hata dirisha la nyuma linaonyesha nini. Jumamosi anataka kukaa nyuma kama askofu.

Nikasema vizuri sana, Baba.

Akaongeza kwamba dada yake Bernice naye anakuja. Nyuma pia. Shangazi Bernice! Mwanamke mwema, lakini hakuumbwa kwa haraka wala kwa uchache.

Shangazi Bernice na Mzee, nyuma, pamoja. Nimeandika sentensi hii mara mbili.

Jumatano, 16 Agosti

Asubuhi nilimwambia Mzee springi ya kiti cha nyuma imechomoza, inachoma. Akajibu kwamba yeye alizaliwa juu ya gunia la viazi. Mchana nikasema nimeona kinyesi cha panya. Akasema panya wa kizazi hiki ni wadogo. Jioni nikajaribu kwa Shangazi Bernice, nikamwambia nyuma kuna joto kali la Agosti, bora apande na Eugene kwenye pikapu yenye kiyoyozi. Akauliza kwani ananukia vibaya? Nikasema hapana, Shangazi, hasha. Akasema basi ataleta mto wa kukalia na sufuria la kabichi zilizoviringishiwa nyama, kwa sababu pale Woodward wanauza soseji kwa bei ya dhahabu.

Sufuria. Nalijua sufuria hilo. Hubebwa na watu wawili.

Ningeweza kurudisha rimu za zamani. Wazo hilo lilinijia. Nililikataa. Eugene alikuwa amepiga simu muda si mrefu, akaniuliza kwa sauti ya kulainisha, "Shemeji, gari hujaligusa lakini, eh?" Nikasema nimelipangusa vumbi tu. Akacheka ile cheko yake ya Ohio. Mtu hawezi kurudi nyuma baada ya cheko kama hiyo.

Alhamisi, 17 Agosti

Ufumbuzi! Shokapu za upepo. Vijana wa enzi zetu walizifunga wote. Unazijaza upepo kama tairi, makalio ya gari yanapanda juu, tairi pana linapata nafasi yake. Nimezipata kwa fundi mmoja anayefunga duka. Zimetumika, lakini kwa heshima, alivyosema.

Nimezifunga. Nimejaza upepo. Gari limenyanyuka nyuma kama mbuzi anayekunywa maji mtoni. Zuri? Sijui. Salama? Ndiyo!

Nikataka kuhakikisha. Nikamuuliza Darlene, kwa upole, Shangazi Bernice ana kilo ngapi hivi. Alizima taa ya jikoni nikiwa bado nakula.

Ijumaa, 18 Agosti

Asubuhi nimekuta gari limekaa chini. Shokapu ya kushoto inavuja. Nikapaka maji ya sabuni, nikaona povu, nikaziba kwa gundi na utepe mweusi. Baada ya chai limekaa tena. Nikaziba tena.

Saa tisa Darlene aliingia gerejini kutafuta ndoo, akanikuta nimepakia mifuko minne ya chumvi ya kuyeyushia barafu kwenye kiti cha nyuma na kuifunga mikanda. Akatazama mifuko. Akatazama magurudumu. Akaigeuza ndoo, akaikalia. Kisha akasema, "Norbert, baba yangu hajakuomba kitu. Alikuomba tu umzungushe."

Nikamwambia hayo ni mambo ya kiufundi. Akasema, basi mwambie yeye, mwambie leo, ni mzee, atacheka tu. Nikasema nitamwambia. Sikumwambia. Badala yake nimenunua pampu ndogo ya mkono, nimeificha kwenye buti. Kila tutakaposimama nitajifanya naangalia taa za nyuma, nitajaza upepo.

Chakula cha jioni sikukimaliza. Ee Mungu, gundi ishike.

Jumamosi, 19 Agosti

Naandika mkono ukinuka mpira ulioungua.

Mzee alivaa miwani yake kulitazama gari. Alilizunguka polepole na fimbo yake, akagonga rimu moja, ngo, ngo. Eugene hakukawia. "Shemeji! Umelivalisha gari viatu vya baba yake!" Shangazi Bernice akauliza mbona nyuma kuko juu hivi, yeye atapandaje, aletewe ngazi? Tukamsukuma. Akaingia. Mzee akaingia. Sufuria likaingia. Nikasikia shokapu zikishusha pumzi kama mtu aliyepata habari mbaya.

Darlene alikaa mbele nami, mkoba mapajani, macho barabarani.

Mwanzo ilikuwa sawa. Woodward imejaa, magari yanatambaa, watu wamepanga viti vyao vya turubai pembeni tangu alfajiri. Kwenye taa ya kwanza ya barabarani nikashuka kukagua taa za nyuma. Pampu, pampu, pampu. Kwenye ya pili vilevile. Kwenye ya tatu Mzee akauliza taa za gari hili zina ugonjwa gani. Na mimi jasho limefika kwenye soksi. Lakini alikuwa na furaha! Anatazama nje, anamwonyesha dada yake majengo, anasema kumbe dirisha la nyuma linaonyesha dunia ikiondoka, si ikija. Alipenda. Nilimwona kwenye kioo.

Kisha foleni ikafunguka. Polisi akatupungia twende, twende upesi! Nikakanyaga mafuta. Tukapita juu ya kiraka cha lami, gundi ikaachia, gari likakaa.

Krrrrrrr.

Moshi mweupe, pande zote mbili. Watu pembeni wakasimama juu ya viti. Wakapiga makofi! Walidhani nachoma matairi kwa makusudi kuwafurahisha. Kijana mmoja akapiga kelele, "Choma, babu, choma!" Na Mzee, ambaye maisha yake yote ameendesha gari hili kama amebeba trei ya mayai, akatoa mkono dirishani akawapungia. Kama askofu hasa. Darlene aliniambia simama. Nikamwambia siwezi, wanashangilia. Akasema Norbert, simama. Nikaendelea kidogo tu.

Tairi la kushoto likapasuka.

Tulisimama mbele ya duka la magodoro. Sufuria lilikuwa limemwagika, Shangazi Bernice ana mchuzi wa nyanya hadi viatuni, anauliza nani amekufa. Mzee alishuka mwenyewe. Ukingo wa bodi ulikuwa umejikunja kama kifuniko cha kopo, rangi ya kijani imebabuka. Rangi ile ni ya 1968. Haikuwahi kupakwa nyingine. Akapitisha kidole pale, taratibu.

Akaniuliza kama nilijua. Nikauliza nilijua nini, Baba. Akasema, "Kwamba mimi na dada yangu tukikaa nyuma, tairi litagusa bodi." Nikasema nilikuwa na matumaini.

"Ungeniambia tu, mkwe. Ningekaa mbele."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Eugene alikuwa ameshafika na pikapu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakucheka. Mzee akatoa ufunguo wa akiba mfukoni, akampa yeye. Akanigeukia, akanishika bega. Akasema anajua nani amelifunika shuka miaka yote hiyo, na hatasahau. Lakini Eugene anapenda gari. Mimi, amegundua leo, napenda magurudumu. Basi kila mtu achukue anachopenda.

Nilisema sawa, Baba. Niliwasaidia kupakia sufuria na mto wa Shangazi kwenye pikapu, na gari la kuvuta likairudisha Plymouth gerejini kwangu.

Jumapili, 20 Agosti

Eugene amekuja na trela. Darlene alimwonyesha turubai lilipo. Akafunga rimu za zamani, zile nyembamba, akalikokota gari hadi kwenye trela bila kunitania hata neno moja, jambo lililoniumiza kuliko matani. Akasema ataipeleka bodi kwa fundi mzuri, na Jumapili moja moja atamleta Mzee azunguke, kiti chochote anachotaka.

Nimefagia gereji. Pamebaki doa la mafuta katikati. Nimelisugua, nikaacha.

Rimu zangu nne zimepangwa ukutani. Tatu zina matairi mazima.

Jumapili, 27 Agosti

Wiki nzima nimekuwa mtu wa kusikitika. Nimelala vibaya, nimejilaumu vya kutosha, na leo asubuhi nilipokuwa nazipangusa nimeona kosa lilikuwa wapi. Siku zote nimetafuta rimu zinazofaa gari. Nilianza kwa upande usiofaa! Rimu ninazo, na ni nzuri. Kinachokosekana ni gari linalozifaa.

Darlene amekwenda kanisani kwa gari la jirani. Lake ameliacha uani: lile la milango ya kusukuma, analobebea watoto wa mafundisho ya Jumapili na viti vya parokia. Gari jema, lakini miguu ya kuku.

Nimehesabu boliti. Tano. Umbali kati ya boliti ni uleule wa Plymouth. Zinaingia!

Misa inaisha saa tano. Nikianza sasa nitakuwa nimefunga mbili za nyuma kabla hajarudi.