Goti la Kaltham na Chumba Kitupu

Jumapili, 2 Novemba 2025. Izki.
Kituo chetu cha afya kina chumba kitupu. Wagonjwa na wakaazi tumeitwa Jumatano tuseme kitumike kwa kazi gani. Tangu lini tukaulizwa sisi! Mke wangu Kaltham huenda hospitali mjini Nizwa mara mbili kwa wiki kufanyishwa mazoezi ya goti, na akirudi hushuka garini kwa tabu. Namwonea uchungu. Lazima kiwe chumba cha mazoezi. Kizuizi ni jirani yangu Hazim, mzaliwa wa Bujumbura. Anataka kliniki ya sukari. Kisukari anacho mwenyewe.

Jumatatu, 3 Novemba.
Hazim kakusanya saini arubaini. Kampeni, anaita. Mimi nina mbili, yangu na ya Kaltham. Kaltham kanambia niende nikaseme kweli tu, yatosha. Maskini, siasa haijui. Mtu haombwi jambo kabla hajakirimiwa. Ndiyo adabu yetu wallahi, na ndiyo itakayommaliza Hazim.

Jumanne, 4 Novemba.
Nizwa. Kaltham yuko kwenye mazoezi, mimi dukani kwa halwa. Sinia kubwa, ya zafarani. Garini Kaltham kauliza ya nani. Ya wagonjwa, nikamjibu. Kageukia dirisha.

Jumatano, 5 Novemba.
Nimekaa mlangoni saa nzima na sinia na birika la kahawa. Kila aliyefika nimemuuliza hali, nimemlisha, nimemtajia goti. Wote wakaahidi. Hazim kala mara tatu, hana haya.

Kumbe ndani nesi Basma anampima kila mtu sukari kabla ya kikao. Hakuna aliyenambia. Daktari Raghad akasoma majibu, akavua miwani. Akasema tangu aanze kazi hajaona mtaa wenye sukari namna hii, kliniki ya sukari haina budi kuwepo. Hazim akanipa mkono, akanishukuru mbele za watu. Nilitamani nijifiche chini ya meza.

Hapo Kaltham akainuka, kashikilia kiti. Kasema saini hana, goti analo. Njia ya Nizwa imemchosha, na zaidi anamwonea huruma mumewe, mzee mzima, kukaa garini juani akimngoja. Mimi nikatafuta leso. Daktari akasema basi, hakati shauri leo. Jumapili ni zamu ya wagonjwa wa presha, atawasikiliza na wao kwanza.

Alhamisi, 6 Novemba.
Kaltham kanisihi Jumapili nikae nyumbani. Nimemwitikia, maana nampenda na sitaki kumuudhi. Lakini nimekaa nikafikiri, na kosa langu nimeliona: wagonjwa hawapewi kitu kitamu. Nimempigia binamu yangu Musallam, yuko Sur. Kesho ananiletea papa mkavu kilo kumi. Nimemsisitiza awe wa chumvi nyingi, wageni wa presha nao wafurahi.