Betri ya Ndizi Mshare

Jumanne, 20 Desemba 1994

Ushindi! Sirili, mshindani wangu, kaumbuka. Alikuwa anapeleka betri yake ya gari kwa Mzee Leodegar, iwashe kipaza sauti siku ya jubilei ya ndoa ya mzee. Akateleza kwenye migomba. Maji makali ya betri yakaimwagikia suruali ya suti ya mzee, iliyokuwa imeanikwa. Matundu matupu! Nimesikitika sana. Nimecheka mpaka nyumbani.

Nikaenda kwa mzee, nikatoa shikamoo, nikaahidi betri isiyomwagika. Akauliza inauzwa wapi. Nikasema naitengeneza mwenyewe. Anajua namtaka binti yake, Epifania. Anajua pia habari ya mashine yangu ya kumenya kahawa, ile iliyomenya kidole cha katekista.

"Valerian," akasema, "ukifanya kazi hii moja bila kuiharibu, leta mbege, pombe ya posa. Ukiiharibu, usiniletee hata salamu."

Nimekubali. Sasa sijui betri inatengenezwaje.

Jumatano, 21 Desemba

Rafiki yangu Filemon yuko likizo, anasoma kemia chuo kikuu. Kanieleza. Chumvi ikilowa hugawanyika kuwa chembe zenye chaji, ziitwazo ioni. Zikitembea, umeme unapita. Na si lazima zitembee kwenye maji. Hata uji mzito wenye nyuzi ndefu zilizoshikana kama wavu, yaani polima, unazibeba. Nyuzi zikiwa laini zinachezacheza, ioni zinapenya. Zikikakamaa, hakuna kinachopita. Nikauliza polima inauzwa duka gani Moshi mjini. Akasema hata wanga wa ndizi ni polima.

Ndizi! Wataalamu wanahangaika maabara, sisi kitu chenyewe tunalishia ng'ombe maganda yake!

Akaongeza kwamba umeme huo hautazidi wa kuamsha kiredio. Hapo nilikuwa nimeshaondoka.

Alhamisi, 22 Desemba

Nimechemsha ndizi mshare, nikaziponda, nikatia chumvi na magadi. Nikajaza makopo ya mafuta ya kupikia. Kila kopo kipande cha bati na kijiti cheusi kutoka betri kuukuu. Bati nimelikata kwenye paa la jiko la mama, sehemu isiyoonekana. Nikaunga nyaya.

Redio imekohoa! Imetamka nusu ya bei ya kahawa! Nimetokwa machozi.

Jioni mvua. Mama ameiona ile sehemu isiyoonekana, maana alikuwa amekaa chini yake.

Jumamosi, 24 Desemba

Msiba. Makopo yamekauka. Uji umekuwa tofali, redio bubu. Filemon anasema si alinionya, inataka joto na unyevu.

Sirili kapita na kuuliza kama betri yangu inaliwa na parachichi. Wivu tu.

Nimepata dawa. Nitapika uji mpya, chumvi mara tatu, niuweke uvuguvugu mekoni kwa mzee mwenyewe. Makopo nitayajaza dakika ya mwisho. Akili ni mali.

Jumatatu, 26 Desemba

Asubuhi ya jubilei nilitega sufuria kando ya mafiga, nikaifunika jani la mgomba. Nikatoka kidogo kumsalimia Epifania. Gauni la bluu. Akacheka nilipomwambia leo baba yake atasikika mpaka Himo. Nikakaa kidogo tena. Niliporudi, sufuria haipo!

Shangazi Eliona, dada wa mzee na mkuu wa wapishi, alikuwa ameikuta. Ndizi zilizopondwa, zenye magadi. Mchagga gani asiyekijua kiburu, chakula chetu cha ndizi na maharage? Aliona tu kwamba aliyekipika ni mzembe, kasahau maharage. Akatia maharage. Akapeleka meza kuu.

Padri alikula kwa adabu, macho yakimtoka kwa chumvi. Wazee wakala kwa sababu padri anakula. Kisha ikaja kiu. Kata ya mbege haikupumzika, ikapita, ikarudi, ikapita tena. Wakwe wa mzee walipofika kutoka Kibosho, mitungi ilikuwa mikavu. Mbege kuisha kwenye jubilei, na wakwe bado hawajaonja!

Sirili alikuwa ameazima betri nyingine. Kipaza sauti kikafanya kazi vizuri sana. Ndicho kilichotangaza kwamba mbege imekwisha.

Mzee aliniangalia. Epifania alijifunika uso kwa kitenge. Nimeumia. Nampenda yule binti, na nimemfedhehesha baba yake mbele ya watu wake wote.

Jumanne, 27 Desemba

Mama kanikatia isale, jani la kuombea msamaha, kule mpakani kwetu, kaniambia nipeleke. Hakuna anayekataa isale. Ukiletewa jani hilo, hata ugomvi wa damu unauweka chini.

Nimepiga magoti, nimelishika kwa mikono miwili. Mzee alilitazama mpaka miguu ikaniuma. Akalipokea. Akasema amesamehe. Akasema nikikaa mpaka mavuno yajayo ya kahawa bila kubuni kitu, nije na mbege, tutaongea.

Epifania alinisindikiza.

"Valerian, usiguse kitu," akasema. "Kitu chochote."

Nikaapa. Nina furaha kuliko mtu yeyote hapa Kirua.

Jumatano, 28 Desemba

Nimetulia. Sijagusa kitu.

Ila jana, nilipokuwa nimelishika lile isale, pale alipokata mama vidole vililowa. Utomvu! Jani hili kiangazi bichi, masika bichi. Halikauki! Sasa kosa langu nimeliona: ndizi inaliwa. Nani atatia maharage kwenye betri ya isale?

Na Mzee Leodegar anao uzio mzima wa masale, unaotenganisha kihamba chake, shamba la ukoo, na cha kina Sirili tangu enzi za babu zao. Unangoja kukatwa tu. Kesho alfajiri, kabla hawajaamka. Epifania atashangaa.

Na mzee akikasirika, masale ya kuombea msamaha yatakuwepo tele.