Sabuni ya Mama Mkwe

Wenzangu wa chuo,

Leo nimeadhirika. Mchana kweupe, tena ukweni! Nawaandikia mapema ili msisikie kwa watu wengine wakaongeza chumvi.

Mnajua nimenunua pikipiki. Imetumika, nimeipata kwa dereva mmoja wa watalii aliyehamia Arusha. Ni ile ya mashindano: nyekundu, usukani uko chini, unaiendesha umeinama kama mtu aliyedondosha kitu njiani. (Mwalimu wa shule ya msingi anashindana na nani? Hata mimi sijui.)

Leo Jumamosi nilitakiwa Mbulumbulu, kwa kina Paskalina, kujitambulisha. Baba yake alituma neno: nifike kabla ya saa sita, maana baba zake wadogo watakuwapo na wana kazi zao shambani. Nikichelewa, basi, suala langu lingoje hadi baada ya mavuno.

Asubuhi nikaikagua. Kwenye kifuniko cha tanki nikaona tundu dogo. Tundu! Na vumbi letu la Karatu mnalijua, linaingia hata ndani ya yai. Tanki likitoboka huku kwetu tunafanyaje? Tunaziba kwa sabuni. Nilikuwa na mche mmoja tu, zawadi ya kumpelekea mama mkwe, na mnajua siku hizi sabuni inavyotafutwa. Nikamega kona. Kidogo sana! Nikaziba, nikajipongeza.

Saa tatu nikaondoka. Kilometa tatu, ikazima. Nikafungua tanki nione kama petroli ipo. Fyuuu! Petroli tele. Nikafunga, nikatoa plagi, nikaipiga msasa, nikapiga kiki. Ikawaka. Kumbe plagi!

Kilometa tatu tena, ikazima. Nikafungua tanki. Fyuuu! Tele. Plagi safi. Nikagonga kabureta kwa spana. Ikawaka. Kumbe kabureta!

Mara ya tatu ilikuwa kwenye mlima wa Rhotia. Nikatazama petroli, nikatikisa waya. Ikawaka. Kumbe waya! Hapo nikaanza kuchanganyikiwa. Mashine gani hii inapona kwa dawa yoyote, halafu inaumwa ugonjwa uleule?

Mbele kidogo ikazima tena. Mzee mmoja mwenye jembe akasimama kunitazama.

"Labda imechoka," akasema. "Ipumzishe."

Nikafungua tanki kwa mazoea, nikafunga, nikaipumzisha. Ikawaka. Jamani!

Kufikia mara ya sita nilikuwa na utaratibu kamili: fungua tanki, funga, futa plagi, gonga kabureta, tikisa waya, pumzika, sali. (Niliiambia pia "tafadhali". Nasema ukweli.)

Saa sita kasoro dakika tano nikaiona nyumba. Wazee wamekaa uani kwenye viti, Paskalina yuko mlangoni amevaa gauni la kanisani. Nikainama, nikaongeza moto ili niingie kwa kishindo. Hatua thelathini kabla ya uani, ikazima. Nikaingia naisukuma, jasho linatiririka, shati jeupe limekuwa jekundu kwa vumbi.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba," akajibu baba yake Paskalina. "Chombo kina nini?"

"Sijui, mzee. Kweli sijui."

Nikampa mama mkwe sabuni yake, imefungwa vizuri kwenye gazeti, nikaanza utaratibu wangu. Fungua tanki. Fyuuu!

Mama mkwe anauza mafuta ya taa palepale barazani. Aliposikia ule mlio akaja.

"Mwanangu, hebu nipe hicho kifuniko." Akakigeuza. "Hapa umeweka nini?"

"Sabuni, mama. Palikuwa pametoboka."

"Pametoboka!" Akanionyesha debe lake kwa kidole. "Unaliona lile? Nalitoboa matundu mawili. Nikitoboa moja tu hewa haiingii, mafuta yanagoma kutoka. Wewe umeiziba pua! Inapumua ukifungua tu."

Akachokoa kwa pini ya nywele. Akaitazama ile sabuni. Kisha akafungua gazeti lake polepole, mbele ya wote, akautoa mche. Kona haipo.

"Sabuni hatujaiona dukani tangu Pasaka," akasema, "na huyu ameilisha pikipiki. Tena yangu!" Akacheka mpaka akakaa chini. Baba wadogo wakacheka. Paskalina naye! (Nilitegemea angalau yeye.)

Baba yake hakucheka. Akanigeukia.

"Mwalimu, shuleni unafundisha somo gani?"

Nikatazama kuku. Kuku akanitazama.

"Sayansi, mzee."

Hapo na yeye akashindwa kujizuia. Alipomaliza kufuta machozi akasema, "Haya. Jumamosi ijayo walete wazee wako tuzungumze. Ila mje kwa miguu."

Kwa hiyo, pamoja na wazee wangu, nahitaji wasindikizaji watatu. Ni kama kilometa ishirini, pamoja na mlima. Msicheke. Tafuteni viatu.