Siku ya Somo Wangu Tikhon

Jumatano, 23 Agosti

Jumamosi ni sikukuu ya somo wangu, Mtakatifu Tikhon. Kwetu siku hiyo haina mwaliko, anayekukumbuka huja. Tangu nimzike mke wangu Lidia hajaja mtu. Nimtakaye hasa ni Agnia, bintiye niliyemlea, yuko ng'ambo ya Volga. Kumpigia simu ni kujiombea wageni. Haifai. Ila kukumbusha watu kwa mbali, nadhani Mungu hakasiriki. Kesho nina zamu kwenye jioni ya maneno maktabani. Mada ni viambishi adimu vya Kirusi. Somo wangu nitampenyeza humo.

Alhamisi, 24 Agosti

Arkadi Lvovich, mpima ardhi mstaafu, kanitangulia. Kachukua "su", kiambishi cha kale cha mambo ya pamoja au nusunusu. Akaeleza "sumrak", giza lisilotimia, mpaka chai ikapoa. Nikabaki na "pa". Nikasema hiki hufanya kitu kifanane na chenyewe bila kuwa chenyewe. Truba ni bomba. Patrubok, kibomba cha ubavuni, nimefunga vingi enzi zangu za ufundi wa boila. Doch ni binti. Padcheritsa, binti wa kambo. Hapo nikaiacha mifano. Nikamalizia haraka kwamba Jumamosi Kanisa linamkumbuka Mtakatifu Tikhon. Arkadi akauliza huyo naye ana kiambishi gani. Wakacheka. Lakini Raisa wa maktaba aliandika tarehe. Nitalala kwa amani.

Jumamosi, 26 Agosti

Mfungo haujaisha, kwa hiyo pai ya kabichi, bila yai wala siagi. Kanisani sikwenda. Nani angewafungulia mlango? Bwana anisamehe. Nikapanga vikombe.

Saa sita, kimya. Saa tisa, kimya.

Jioni kaja Arkadi peke yake. Kumbe wote wa maktabani walikwenda kanisani kumwashia mshumaa mtakatifu niliyemtangaza. Agnia naye alikuwepo. Alivuka asubuhi, akijua ibada ya leo siikosi. Akasubiri mpaka watu wakatawanyika. Akamwambia Arkadi kama baba hakuja hata leo, basi hataki kuonana na mtu. Akarudi na kivuko. Kaniachia soksi za sufu alizofuma mwenyewe.

"Tikhon Savvich, watu wanakutafuta kwa Mungu, wewe uko jikoni," akasema Arkadi, mdomo umejaa pai yangu.

Jumapili, 27 Agosti

Kosa nimeliona. Sikudokeza vya kutosha. Arkadi ananiambia nivuke tu nikamwone, kivuko kipo kila siku. Mtu yule hana adabu za kikwetu.

Siku ya somo wake Agnia ni Februari. Nitakaa nyumbani, nione kama ataniita.